Sukari Ngapi?

Baba yangu alicheka mapema mno.
Watu walikuwa bado wanapapasa viti gizani,
kila mmoja na karanga zake,
na kwenye kitambaa cheupe Mwingereza mmoja,
seremala wa majeneza katika kijiji kisichofiwa,
alikuwa anavua kofia mlangoni kwa jirani mzima wa afya.
Amemletea jamu.
"Futi sita," anasema kwa upole, "au ni kasoro inchi?"
Baba akacheka, peke yake, safu ya tano,
kicheko cha mtu aliyepaliwa na mwiba wa changu.
Mbelwa, mtani wetu, akageuka:
"Shekiondo, una nini? Mwenzio anapimwa kaburi!"
"Naona," akasema baba. "Lakini tazama anavyompima."

Tanga, Jumatano, tiketi nusu bei:
siku ya filamu zisizo na nyimbo wala ngumi,
ambazo vijana wa Makorora walizikimbia.
Rangi zake mbili, majivu na majivu yaliyokolea.
Mvua ya kwao. Miamvuli. Garimoshi lisilochelewa,
na ndani yake bibi kizee mwenye kikapu,
amezika waume watatu, anakwenda kuposwa na wa nne.
Hakuna anayepaza sauti, na hapo ndipo penye utamu.
Damu huioni. Sumu inakorogwa kwa kijiko cha fedha,
mara mbili kulia, mara moja kushoto,
kisha: "Sukari ngapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamwuliza kinachochekesha.
Tunarudi Barabara ya Kumi na Mbili, anakokota baiskeli,
mnyororo umekatika.
Akasema: Mimi nimewaandikia barua zao miaka kumi na tisa.
Bei ya katani ilipoanguka, bwana meneja aliniita,
akanipa kiti, akanipa biskuti,
akasema, tafadhali, Hemedi, yapige chapa majina haya,
mia mbili na kumi,
uanze na "Kwa masikitiko makubwa".
Nikapiga. Masikitiko mia mbili na kumi, nakala tatu tatu.
Biskuti ilikuwa ya tangawizi. Nzuri, sikufichi.
Leo nawaona wamejianika wenyewe ukutani,
adabu na kisu mfuko mmoja,
taa wamelipia wao, kamera wamelipia wao,
ili wajicheke.
Mtu anayejicheka hivyo
unajikuta umemsamehe nusu kabla hujakumbuka.

Akatembea kidogo.
Nusu tu, akasema.

Mama hakuwahi kuingia humo.
Maiti, alisema, hachekwi na kila mtu;
kuna wenye ruhusa, na hawakai Ulaya.

Baba alikufa Machi, joto la kulainisha lami.
Kabla maji ya kumwoshea hayajapoa
Mbelwa alikuwa amevaa miwani yake na koti lake la kazini,
amekaa kitini pake, ungo mapajani,
anaugonga kwa vidole viwili:
"Kwa masikitiko makubwa. Nakala tatu!"
Shangazi zangu wakalia na kucheka kwa pumzi ileile,
kamasi na machozi, hujui lipi la lipi.

Makaburini aliruka shimoni kabla ya mwenyewe,
akajilaza, akagoma.
"Mwanandani umebana miguuni! Nani kapima hapa?
Mwiteni yule Mwingereza wa jamu!"
Tulimtoa kwa shilingi elfu mbili na ahadi ya kuku.
Imamu akajikuna ndevu, akatazama pembeni,
mabega yakimtetemeka.

Mimi nilicheka. Niseme nini.
Nilicheka mapema mno, na peke yangu, safu ya mbele,
na udongo ulikuwa mkononi.

Jioni matanga yamepungua, majirani wachache, Mbelwa mkekani,
bado na miwani isiyomfaa macho.
Mama akatoka ndani na sinia.
Siku nzima hakuwa amesema neno.
Akammiminia chai,
akakoroga taratibu,
mara mbili kulia, mara moja kushoto
(nani alimwambia?),
akamtazama mtani usoni, kwa upole:
"Sukari ngapi?"

Mbelwa alikishika kile kikombe,
akakitazama, akamtazama,
akakitazama tena,
mpaka kikapoa.